Mlinda mlango hana haja ya kujua nani kachanga ngapi

Swali: Asalaam aleykum. Nina ofisi ndogo ya kuratibu shughuli hapa Chumbageni, Tanga. Tunafanya harusi, sendofu na siku hizi hata semina. Tangu mwaka jana natumia programu ya mtandaoni ninayoilipia kila mwezi. Humo naweka orodha ya waalikwa, ahadi za michango, malipo, kadi na ratiba. Tuko saba, na wote tunaingia kwa barua pepe moja na nenosiri moja. Mwezi uliopita tulikuwa na harusi Raskazone. Siku tatu baadaye orodha ya wachangiaji, yenye majina, namba za simu, nani kaahidi ngapi na katoa ngapi, ikawa inazunguka kwenye simu za watu wasiohusika kabisa. Baba wa bibi harusi amenuna, na ana haki. Nitamjuaje aliyeivujisha? Nifanyeje ili kila mtu aone kinachomhusu tu? Mwezi ujao nina semina ya siku tatu, watu 80 kutoka Pangani, Muheza na Korogwe, na fomu niliyopewa inauliza mpaka namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Naogopa.

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Nianze na neno utakalolichukia: aliyeivujisha hutampata, na nakushauri usimtafute.

Programu za aina hii kwa kawaida huwa na daftari la ndani linaloandika nani kaingia, kafungua nini, kapakua nini na saa ngapi. Lifungue ulitazame. Huenda ukakuta "Msimamizi" alipakua orodha Jumanne saa nne usiku. Msimamizi huyo ni wewe, ni binti wa mapokezi, ni kijana wa mapambo, ni nyote saba. Hilo ndilo baya kuliko yote la nenosiri la pamoja: linafuta nyayo za kila mtu, wa heri na wa shari. Ukianza kuwaita mmoja mmoja na kuwaapisha, utapoteza watu sita wazuri kwa kosa la mmoja, na huyo mmoja yawezekana wala hakukusudia. Alimpigia mwenyekiti picha ya skrini, mwenyekiti akaitupia kwenye kundi la kamati, kundi lina watu arobaini, na kila mmoja ana shemeji.

Kwa hiyo leo hii badilisha nenosiri, kisha tafuta kwenye mipangilio mahali pa kutoka kwenye vifaa vyote. Hatua hii ya pili ndiyo inayosahaulika. Kuna programu ambazo hata ukibadilisha nenosiri, simu iliyokwisha kuingia hubaki ndani siku kadhaa. Ni kama mgeni uliyekwisha kumketisha sebuleni: kubadilisha kitasa cha mlango wa mbele hakumtoi.

Baada ya hapo, kila anayehitaji kuingia afunguliwe akaunti yake, kwa barua pepe yake, na nenosiri alichague mwenyewe bila wewe kulijua. Najua utakachosema, kwamba programu inatoza kwa kichwa. Sawa, lakini nani kasema wote saba wanahitaji kuingia? Mpishi anataka kujua sahani ni ngapi, wangapi hawali nyama na wangapi wana kisukari. Hizo ni namba tatu, zinatosha kwenye kipande cha karatasi. Hahitaji jina hata moja. Mpambaji anataka idadi ya meza na majina ya kuandika kwenye meza ya wakwe. Mshehereshaji anataka ratiba na majina ya meza kuu, tena yaliyoandikwa vizuri asije akamwita mjomba wa bwana harusi kwa jina la marehemu. Hawa watatu wape karatasi, au faili lenye hayo tu. Katika biashara yako sioni zaidi ya watu wanne wa kuwalipia akaunti, ukiwemo wewe.

Wewe mwenye ofisi, na msaidizi mmoja unayemwamini ukiwa safarini au kitandani, ndio mtakuwa wamiliki. Wamiliki wawili, mmoja ni hatari kwa sababu simu huanguka baharini, na watatu ni mkutano wa hadhara. Akaunti hizo mbili ziwekee uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya nenosiri inaombwa na namba ya pili ya muda, na kama programu inakubali, tumia programu ya simu inayotoa namba zinazobadilika badala ya ujumbe mfupi. Laini hupotea, huibwa, na kuna matapeli wanaozirudisha kwa jina lao kisha wakapokea namba zako za siri wewe ukiwa umelala. Zile namba za akiba unazopewa siku ya kwanza ziandike kwenye karatasi, uzifungie kabatini pamoja na leseni ya biashara.

Sasa tufike kwenye kiini cha swali lako, nani aone nini.

Kanuni yenyewe si ngeni. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliiweka wazi: kila mtumiaji apewe haki chache kabisa zinazotosha kumaliza kazi yake. Mwaka 1992 wenzao, David Ferraiolo na Richard Kuhn, wakapendekeza haki zifungwe kwenye jukumu. Mtu akipewa jukumu anazipata, akivuliwa zinaondoka. Ndiyo maana programu yako ina maneno kama mmiliki, msimamizi, mhariri na mtazamaji. Lakini mtu aliyekulia Ngamiani hahitaji kusomeshwa hili kutoka mbali. Nyumba zetu zina baraza, ukumbi wa katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Mgeni wa barazani hunywa kahawa yake barazani. Shangazi akija kusaidia kupika anapita ukumbini mpaka uani, na njiani hafungui mlango wa chumba cha mtu. Kupita ni ruhusa yake. Vyumba si vyake. Programu iliyopangwa vizuri inafanana na nyumba hiyo. Ya kwako kwa sasa ni ukumbi wa sinema.

Na hapa kuna mtego ambao nadhani ulikunasa hata kabla ya suala la nenosiri. Programu nyingi zina ngazi mbili za ruhusa. Ngazi ya juu ni ya ofisi nzima, ya chini ni ya shughuli moja moja. Ukimwongeza mtu kwenye ngazi ya ofisi, anaona kila shughuli uliyowahi kuratibu na zile zitakazokuja. Kijana uliyemwita kwa ajili ya harusi ya Raskazone anaona pia ile sendofu ya Makorora ya mwaka jana, na kesho ataona semina yako. Ukimwongeza ndani ya shughuli husika, anaona hiyo tu. Kitufe cha kualika cha ngazi ya ofisi mara nyingi ndicho kinachojitokeza mbele, ndiyo maana wengi hukibonyeza. Ingia sasa hivi kwenye orodha ya watumiaji wa ofisi. Isipokuwa wewe na yule mmiliki mwenzako, humo asibaki mtu.

Ndani ya shughuli, tenga fedha na watu. Huo ndio mgawanyo ninaoujali kuliko wote. Orodha ya waalikwa ni siri ndogo. Orodha ya ahadi na malipo ni siri kubwa. Mweka hazina wa kamati aweze kuandika malipo. Katibu aweze kuongeza waalikwa na kutuma kadi. Mwenyekiti atazame vyote viwili bila kugusa. Kufuta kubaki kwako peke yako, hata mweka hazina asifute. Akikosea kuandika 50,000 badala ya 5,000, aandike masahihisho chini yake kama inavyofanywa kwenye daftari la duka, ili kosa na sahihisho vyote vionekane. Nimewahi kuona kamati ikivunjika kwa ajili ya mstari mmoja uliofutwa, na aliyefuta alikuwa anasahihisha tu herufi za jina.

Kama programu yako haijui kutenga fedha na waalikwa, na za bei ya chini nyingi hazijui, usihangaike nayo. Weka michango nje yake kabisa, kwenye jedwali linaloshikwa na mweka hazina na wewe, na ndani ya programu baki na waalikwa, kadi na ratiba. Ni kazi ya ziada, nakubali. Ila ni afadhali mara mia kuliko kumwomba msamaha baba wa bibi harusi kila msimu.

Nitasema na jambo ambalo wanakamati hawatalipenda. Ile desturi ya kubandika orodha ya ahadi kwenye kundi la WhatsApp kila jioni, tiki kwa aliyemaliza na nafasi wazi kwa ambaye bado, ni kukumbushana kwa fedheha. Inaleta hela, sikatai. Lakini zamani katibu alisoma majina kikaoni, wakasikia waliokuwepo, sauti ikaishia hapohapo. Leo orodha ileile ikibandikwa inasambazwa kwa kidole kimoja, ikiwa na namba ya simu ya mjane aliyeahidi 30,000 akaweza 10,000. Waambie kamati kundini ziende jumla tu: tumefikia milioni sita kati ya tisa, zimebaki siku kumi na mbili. Anayedaiwa ahadi akumbushwe peke yake, kwa ujumbe wake. Programu nyingi hutuma ujumbe huo zenyewe, na kwa uzoefu wangu mtu aliyekumbushwa kwa staha hulipa vilevile.

Tena kwenye kundi lenyewe kila aliyemo anaziona namba za wenzake wote. Kwa wanakamati wanaojuana si neno. Kwa waalikwa 400 ni kugawa simu za watu bila kuwauliza. Tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, ambayo kila mtu hupokea ujumbe kama ametumiwa yeye tu. Orodha moja hubeba watu 256, na haimfikii asiyehifadhi namba yako, kwa hiyo wengine utawafikia kwa ujumbe wa kawaida. Kwa barua pepe weka anwani zote sehemu ya nakala fiche (BCC), ili anayepokea asizione za wenzake.

Twende mlangoni. (Kuna bibi mmoja Makorora aliyeniuliza kwa nini siku hizi kadi zinaitwa singo na dabo, wakati singo anayoijua yeye ni ile anayosugulia mwari. Sikuwa na jibu la maana.) Anayekagua kadi anahitaji kuona vitu vitatu: jina, singo au dabo (ya mtu mmoja au ya wawili), na kama kadi hiyo imekwisha kuingia. Basi. Tafuta kwenye programu jukumu la ukaguzi wa mlangoni. Nyingi zinalo, na baadhi zinakupa namba ya muda ya kuingilia bila hata kumfungulia kijana akaunti. Lakini kumbuka hili, maana hata wenye programu hawalisemi kwa sauti: ili ukaguzi ufanye kazi mtandao ukikatika, programu hushusha orodha nzima ndani ya simu inayokagua. Simu hiyo sasa ina orodha yako hata ikiwa haina mtandao. Kwa hiyo wakaguzi watumie simu za ofisi, si zao. Hata simu mbili za bei nafuu zinatosha. Usiku uleule, kabla ya kuzirudisha kwenye begi, toka kwenye akaunti kwa zote mbili. Na ukichapa orodha ya karatasi kama akiba, ichape bila namba za simu, na asubuhi ichanwe.

Kadi nayo ikague. Ule msimbo wa QR ukisomwa na simu ya kawaida unatoa nini? Ukitoa jina na namba ya simu ya mwalikwa, basi kila atakayepewa picha ya kadi amepewa na simu yake. Msimbo mzuri hutoa mfuatano wa herufi usio na maana kwa mtu yeyote isipokuwa programu. Jaribio la pili ni rahisi zaidi. Fungua kiungo cha kadi yako mwenyewe utazame mwisho wake. Ukiona kinaishia na 0451, badilisha kwa mkono kiwe 0452 ubonyeze. Ikifunguka kadi ya mtu mwingine, programu hiyo ina tundu ambalo hakuna ruhusa utakayoipanga italiziba, kwa sababu mlango wenyewe hauna kitasa. Waandikie walioitengeneza, na wasipojibu ndani ya siku chache, hama.

Kuna haki moja inayostahili kuogopwa peke yake, nayo ni ya kupakua. Ndani ya programu orodha ina kufuli, ina daftari la nyayo, unaweza kumfungia mtu nje. Ikishapakuliwa kuwa faili, hayo yote yamekwisha. Hili nililijua kichwani kwa miaka mingi kabla sijalijua kwa maumivu. Niliwahi kusimamia usajili wa shughuli moja ya sanaa kule Bagamoyo, na orodha ya wasanii, simu zao na kiasi alicholipwa kila mmoja nilikuwa nayo mimi tu, kwa mpangilio wa ruhusa niliojivunia. Siku ya mwisho nikahitaji kuichapa. Nikaingia stesheneri jirani na stendi, nikajitumia faili, nikalifungua kwenye kompyuta yao, nikachapa, nikalipa, nikaondoka. Faili likabaki kwenye kompyuta. Wiki tatu baadaye mchongaji mmoja akapigiwa simu na mtu asiyemjua, akitajiwa mpaka senti aliyolipwa, na akiombwa amkopeshe. Sikuwa na wa kumlaumu. Tangu hapo haki ya kupakua nampa mtu mmoja kwa kila shughuli, na ninapochapa nabeba flashi yangu na kusimama pale mpaka nilione faili linafutwa, hata kwenye kapu la takataka la kompyuta.

Kama programu yako inakuruhusu kuchagua safu za kupakua, chagua. Katibu akitaka orodha ya kupanga meza, mpe majina na namba za meza. Safu ya simu ibaki ndani.

Semina ya mwezi ujao ni jambo jingine, na uoga wako hapo una msingi. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya faragha, na sasa ipo sheria yenye meno: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kuisimamia. Inamtofautisha mkusanyaji, anayeamua taarifa zikusanywe kwa madhumuni gani, na mchakataji, anayezishughulikia kwa niaba yake. Kwenye semina, waliokuajiri ndio wakusanyaji, na wewe ni mchakataji. Wote wawili sheria inawataka wajisajili kwa Tume. Andikianeni, hata ukurasa mmoja: taarifa zipi, za kazi gani, nani atazishika, zitafutwa lini. Taarifa zikivuja, Tume inatakiwa kuarifiwa bila kuchelewa, kwa hiyo andikianeni pia nani atapiga simu hiyo. Na programu yako ikihifadhi taarifa kwenye kompyuta zilizo nje ya nchi, kama zilivyo nyingi, sheria ina masharti yake kuhusu kusafirisha taarifa nje. Waulize waliokuajiri kama wamelizingatia, na majibu yao uyatake kwa maandishi.

Halafu itazame ile fomu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye kitambulisho. Anayekupa namba hiyo amekupa na umri wake, na ndiyo namba aliyosajilia laini ya simu. Kwa nini uwe nayo? Nikikisia, kuna mhasibu mahali anayeihitaji kulipia posho. Basi mhasibu na aichukue mwenyewe, siku ya malipo, kwenye karatasi zake. Itoe kwenye fomu yako. Taarifa usiyoikusanya haitakuvuja, na haikutozi hata shilingi kuilinda.

Swali la afya liulize kwa namna ya mpishi. Badala ya "Je, una ugonjwa wowote?", andika "Je, kuna chakula usichokula?" Mtu aandike hatumii sukari, na sababu abaki nayo. Sheria inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inazipa ulinzi mkubwa zaidi. Nawe huhitaji kuwa na daftari la magonjwa ya watu 80 wa Muheza na Pangani ili tu upate chai isiyo na sukari. Jibu hilo liwe na safu yake, lionekane kwako peke yako, na kwa mpishi iende idadi.

Ukitumia Google Forms kukusanyia, angalia mambo mawili. Kuna swichi inayomruhusu aliyejaza kuona muhtasari wa majibu ya wote, iwe imezimwa. Na jedwali linalopokea majibu lisiwe limewekwa wazi kwa yeyote mwenye kiungo. Watu huliweka hivyo wakiwa na haraka, wamtumie mwenzao, kisha wanasahau, na kiungo hicho hakina tarehe ya kufa.

Mtandao ukishaupanga, usije ukaangushwa na karatasi. Ile ya mahudhurio inayozungushwa mezani, yenye majina, simu, sahihi na wakati mwingine kiasi cha posho cha kila mmoja, huvujisha kuliko programu yoyote. Kila anayetia sahihi amewasoma waliomtangulia, na mwenye simu yake amekwisha piga picha. Weka ya kutia sahihi yenye jina tu kwenye meza ya mapokezi. Ya posho isainiwe kwa mhasibu, mmoja mmoja.

Sasa kuna usemi wetu ambao wageni hutuchekea nao: Tanga, waja leo waondoka leo. Kwenye ruhusa ndiyo sheria ninayoifuata. Kila unayemwingiza kwenye shughuli, mwandikie na siku ya kutoka palepale unapomwingiza. Programu ikiwa na sehemu ya tarehe ya kuisha, ijaze. Kama haina, iandike kwenye kalenda ya ofisi. Kwa harusi mimi huweka siku saba baada ya shughuli, kwa sababu kuna hesabu za mwisho na shukrani za kutuma. Kwa wakaguzi wa mlangoni ni usiku uleule. Na usidhani kumwondoa mtu kwenye orodha ya watumiaji ndiyo umemtoa. Pita na milango ya uani: kiungo cha kalenda alichokiunganisha na simu yake, ambacho huendelea kumletea ratiba mpya, akaunti ya kampuni ya ujumbe mfupi, ambayo ina namba zote ulizowahi kutumia, simu yenye lipa namba, inayoonyesha jina la kila aliyelipa, kundi la kamati, ambalo ukilifunga baada ya shukrani hakuna atakayekulaumu.

Taarifa zenyewe nazo ziondoke. Harusi ikipita na hesabu zikikubaliwa, mpe familia nakala yao moja, kisha futa majina na simu, ubaki na idadi na gharama, maana hizo ndizo utakazohitaji kupangia bei ya harusi ijayo. Sheria nayo haitaki mtu akae na taarifa kupita muda wa shughuli iliyozileta. Najua inauma kufuta. Orodha ya waalikwa 400 inaonekana kama mtaji wa kutangazia biashara. Si mtaji wako. Hawa walikupa namba zao ili wapate kadi ya harusi ya ndugu yao.

Kuhusu baba wa bibi harusi, nenda mwenyewe, usimtume mtu na usitume ujumbe. Mweleze kilichotokea bila kumtaja yeyote: kwamba watu saba walikuwa na ufunguo mmoja, kwamba kosa la kuugawa ni lako, na nini umebadilisha tangu siku hiyo. Uende na ile nakala yake, na umwonyeshe kwenye simu kwamba kwako haipo tena. Waliotajwa kwenye orodha atajua mwenyewe nani wa kumpigia. Ukimwomba ruhusa ya kuwaandikia wewe, naye akikubali, waandikie kila mmoja kivyake.

Na kabla semina haijaanza, fanya jaribio hili jioni moja ofisi ikiwa kimya. Jifungulie akaunti ya kujaribia, uipe jukumu la mkaguzi wa mlangoni, uingie nayo kwenye simu ambayo haijawahi kuingia. Bonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Tafuta jina la mtu. Jaribu kupakua. Kisha ivue hilo, uipe jukumu la katibu, uanze tena, halafu la mweka hazina. Kwa programu ya kiasi chako ni kazi ya saa moja na nusu, pamoja na chai. Ukikutana na chochote ambacho mwenye jukumu lile hangekuuliza kwa mdomo, simama hapo, rudi kwenye mipangilio, ukifunge, uendelee.